Mifuko ya fahirisi: Akiba ya mfanyabiashara iwekwe kwenye hisa za nyumbani au za ng'ambo?

Mfanyabiashara anayepata faida mpakani huwa na mahali pachache anapozoea kuipeleka. Atanunua lori jingine, atanunua kiwanja, ataongeza bidhaa dukani, au ataiacha benki. Katika miaka ya karibuni wengine wameanza kufikiria hisa, hasa baada ya kuwaona jamaa zao walio nje wakiweka fedha katika mifuko inayofuata masoko ya Marekani na Ulaya. Swali linalofuata huwa ni hili: kwa akiba ya miaka 10, 15 au 20, ni heri mfuko wa hisa za nyumbani au wa ng'ambo?

Jibu linalotolewa mara nyingi hutazama soko lililopanda zaidi mwaka uliopita. Makala haya yanaeleza kwa nini hilo halitoshi, hasa kwa mtu ambaye lori lake, duka lake na wateja wake wote wako katika njia ileile ya biashara.

Mfuko wa fahirisi ni nini

Fahirisi ya soko la hisa ni kipimo kinachoonyesha kama bei za hisa za kampuni kadhaa, zikichukuliwa kwa pamoja, zimepanda au zimeshuka. Mfuko wa fahirisi ni mfuko wa pamoja unaonunua hisa zilezile zilizo katika kipimo hicho, kwa uwiano uleule. Meneja wa mfuko habahatishi kampuni gani itafanya vizuri. Soko likipanda mfuko unapanda, na soko likishuka mfuko unashuka.

Mfuko wa kwanza wa aina hii kwa wananchi wa kawaida ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na John Bogle, mwasisi wa kampuni ya Vanguard. Walitarajia kukusanya dola milioni 150 na wakapata milioni 11 tu. Wakosoaji walisema hakuna mtu atakayeridhika na matokeo ya wastani. Leo mifuko ya fahirisi ni miongoni mwa mifuko mikubwa kuliko yote duniani, na sababu kuu ni gharama. Kwa kuwa hakuna wataalamu wengi wa kulipwa, baadhi ya mifuko inayofuata fahirisi ya S&P 500 hutoza chini ya asilimia 0.1 kwa mwaka.

Soko la nyumbani likoje

Soko kubwa zaidi katika eneo letu ni la Nairobi, lililoanzishwa mwaka 1954. Lina kampuni zinazozidi kidogo 60. Soko la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa mwaka 1998 na lina kampuni chini ya 30. Masoko ya Kampala na Kigali ni madogo zaidi.

Nairobi ina fahirisi mbili zinazotajwa zaidi. NSE 20 ni ya zamani na hufuata kampuni 20. NASI ilianza kuhesabiwa kutoka pointi 100 mwanzoni mwa mwaka 2008 na hujumuisha kampuni zote, kila moja kwa kadiri ya thamani yake sokoni. Dar es Salaam ina fahirisi ya kampuni zote (DSEI) na nyingine ya kampuni za ndani peke yake (TSI).

Mwekezaji anapaswa kuelewa mambo matatu kuhusu fahirisi hizi.

Kwanza, zinabebwa na kampuni chache. Kuna wakati Safaricom peke yake ilifikia zaidi ya nusu ya thamani yote ya soko la Nairobi. Hisa hiyo iliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 5 mwaka 2008, ikakaribia shilingi 45 mwaka 2021, kisha ikaanguka chini ya shilingi 15 kabla ya mwaka 2023 kwisha. Ilipoanguka, NASI yote ilivutwa chini nayo. Kwa hiyo anayenunua fahirisi ya nyumbani akidhani ametawanya fedha katika kampuni 60, kwa kweli ameziweka zaidi katika kampuni moja ya simu, benki kadhaa na kampuni moja ya bia.

Pili, kuuza si rahisi kila siku. Hisa za kampuni kadhaa hukaa siku nyingi bila mnunuzi. Mauzo ya hisa za Kenya Airways yalisimamishwa sokoni Julai 2020 na kurejeshwa Januari 2025. Katika muda wote huo mwenye hisa hizo hakuweza kuziuza sokoni.

Tatu, mifuko inayofuata fahirisi za masoko yetu bado ni michache na michanga. Mifuko mingi ya pamoja iliyopo, kama ile ya UTT nchini Tanzania iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, huchaguliwa hisa na meneja, na mingi huchanganya hisa na hati fungani. Ni mifuko yenye manufaa yake, lakini si mifuko ya fahirisi. Baadhi ya wawekezaji huiga fahirisi wenyewe kwa kununua kidogo kidogo hisa za kampuni kubwa tano au sita kupitia dalali.

Soko la ng'ambo likoje

Fahirisi inayojulikana zaidi ni S&P 500, yenye kampuni kubwa 500 za Marekani. MSCI World inafuata kampuni za nchi 23 zilizoendelea, nayo haina nchi hata moja ya Afrika. MSCI ACWI huongeza nchi zinazoinukia, na kutoka Afrika imo Afrika Kusini na Misri tu. Mwenye mfuko wa aina hii, hata ukiitwa "wa dunia nzima", hana chochote cha Kenya, Tanzania, Uganda wala Rwanda.

Neno "dunia" nalo litazamwe kwa makini. Katika MSCI World, kampuni za Marekani huchukua zaidi ya theluthi mbili ya uzito wote. Ndani ya S&P 500, kampuni 10 za juu, nyingi zikiwa za teknolojia, zilikuwa zimefikia zaidi ya theluthi moja ya fahirisi mwishoni mwa mwaka 2024. Utegemezi wa kampuni chache si ugonjwa wa Nairobi peke yake, ingawa hapa ni mkubwa zaidi.

Hesabu ya vipindi vitatu

Ni vizuri kutazama vipindi kadhaa badala ya kimoja. Hesabu zifuatazo ni za bei za hisa tu. Gawio halimo, na hilo ni muhimu kukumbuka, kwa sababu kampuni kubwa za Nairobi na Dar es Salaam zimekuwa zikilipa gawio kubwa kuliko wastani wa kampuni za Marekani.

*Kuanzia mwisho wa 1999 hadi mwisho wa 2009.* S&P 500 ilikuwa pointi 1,469 na ikamaliza 1,115, yaani ilipungua kwa asilimia 24 katika miaka 10. Katika muda huohuo NSE 20 ilitoka takriban 2,300 hadi takriban 3,250. Shilingi ya Kenya ilitembea kidogo tu, kutoka karibu 73 hadi karibu 76 kwa dola. Katika kipindi hiki, aliyebaki nyumbani alimshinda aliyekwenda ng'ambo.

*Kuanzia mwanzo wa 2008 hadi mwisho wa 2023.* NASI ilianza na 100, na baada ya miaka 16 ikawa takriban 92. S&P 500 ilitoka 1,468 hadi 4,770. Dola ilitoka karibu shilingi 63 za Kenya hadi karibu 157. Shilingi 100,000 zilizofuata NASI zingekuwa takriban 92,000. Shilingi 100,000 zilizobadilishwa kuwa dola na kufuata S&P 500, kisha zikarudishwa kuwa shilingi, zingekuwa takriban 800,000 kabla ya kutoa gharama. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutokana na hisa bali na shilingi kupungua nguvu.

*Mwaka 2024.* NASI ilipanda kutoka 92 hadi takriban 123, sawa na asilimia 34 hivi. Mwaka huohuo shilingi ya Kenya iliimarika kutoka karibu 157 hadi karibu 129 kwa dola. Kwa mtu anayehesabu kwa dola, soko la Nairobi lilipanda kwa zaidi ya asilimia 60. S&P 500 ilipanda kwa asilimia 23, lakini Mkenya aliyekuwa nayo, akihesabu kwa shilingi, alibaki na karibu kilekile alichoanza nacho.

Aliyetazama hesabu ya pili peke yake mwishoni mwa mwaka 2023, akauza kila kitu cha nyumbani na kuhamia ng'ambo, alikosa mwaka mzuri sana. Aliyetazama hesabu ya kwanza peke yake mwaka 2009 akasema ng'ambo hakuna kitu, alikosa miaka 15 ya kupanda.

Hali hii haihusu nchi changa tu. Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifika 38,915 mwishoni mwa Desemba 1989. Haikuvuka tena kiwango hicho hadi Februari 2024. Mjapani aliyeweka akiba yake yote katika soko la kwao siku ile ya 1989 alisubiri zaidi ya miaka 34 kuona bei ileile, na Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zenye uchumi mkubwa kuliko wote duniani.

Biashara yako tayari ni hisa ya nyumbani

Hapa ndipo mfanyabiashara na msafirishaji anapotofautiana na mwekezaji wa kawaida anayeandikiwa vitabu vya uwekezaji.

Tukumbuke Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata, barabara ya kutoka Mombasa kwenda Uganda haikupitika kwa usalama. Malori yalikwama, na mafuta yakawa haba Uganda, Rwanda na Burundi. Mwezi huohuo NSE 20 iliteremka kutoka takriban 5,440 hadi takriban 4,700. Msafirishaji wa njia ile aliyekuwa na hisa Nairobi alipigwa mara mbili kwa pigo moja. Lori halikuingiza kitu, na akiba aliyoiweka kwa ajili ya siku kama hizo nayo ikapungua wakati uleule alipoihitaji.

Huu ndio ubaya wa kuweka akiba mahali panapotegemea mambo yaleyale yanayotegemewa na biashara yako. Uchaguzi ukiharibika, shilingi ikianguka, mafuta yakipanda, ukame ukija au mpaka ukifungwa, lori, duka, kiwanja na hisa za nyumbani vyote huumia pamoja.

Tuchukue mfano. Msafirishaji wa Mombasa ana malori mawili yenye thamani ya shilingi milioni 12 za Kenya, nyumba ya milioni 5 na akiba ya milioni 1. Jumla ni milioni 18. Akiweka akiba yote katika hisa za Nairobi, mali yake yote iko nyumbani. Akiweka akiba yote katika mfuko wa ng'ambo, bado milioni 17 kati ya 18 ziko nyumbani, yaani zaidi ya asilimia 94. Anayemwambia kwamba kupeleka milioni ile nje ni kuikimbia nchi hajafanya hesabu ya malori.

Je, hisa za nchi jirani ni za ng'ambo? Kwa karatasi ndiyo, lakini kwa msafirishaji mara nyingi siyo. KCB imeorodheshwa katika masoko ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, na Equity ina benki hadi Congo. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayepeleka mizigo Kigali kupitia Rusumo, kununua hisa za Nairobi kunampunguzia hatari ya sarafu moja na serikali moja, na hilo lina faida. Hata hivyo bado yuko katika ukanda uleule, na wateja wa benki hizo ni wafanyabiashara kama yeye.

Hali ni kinyume kwa ndugu zetu wanaofanya kazi Muscat, Dubai au Minneapolis. Wao hulipwa kwa fedha za huko, na pengine akiba yao ya uzeeni tayari iko katika mifuko ya huko. Kwao, hisa kadhaa za nyumbani ndizo zinazotawanya mali, hasa kama wanapanga kurudi.

Ng'ambo nako hakukingi kila kitu

Ni kosa kudhani kwamba mfuko wa ng'ambo ni salama. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, S&P 500 ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, iliteremka kwa asilimia 34 kati ya Februari 19 na Machi 23. Wakati huo soko la Nairobi nalo lilikuwa linaporomoka, na muda mfupi baadaye malori yakapanga foleni ndefu Malaba na Namanga, madereva wakisubiri kupimwa. Mtikisiko wa dunia nzima hupiga kila mahali. Kinachokingwa na mfuko wa ng'ambo ni mtikisiko wa kwetu, ambao ndio huja mara nyingi zaidi.

Tofauti nyingine ni kwamba S&P 500 ilirudi ilikokuwa kufikia Agosti 2020. Aliyeogopa akauza Machi hakufaidika na kurudi huko. Kwa hiyo fedha itakayohitajika ndani ya miaka mitano, iwe ni karo, injini ya lori au kodi ya mapato, haifai kuwa katika hisa, za hapa wala za kule.

Suala la sarafu

Mwaka 2000 dola moja ilinunuliwa kwa takriban shilingi 800 za Tanzania. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,700, na baadaye ikashuka. Shilingi ya Uganda ilitoka takriban 1,650 hadi takriban 3,700 katika muda huohuo. Katika muda mrefu sarafu zetu zimepungua nguvu, kwa sababu mfumuko wa bei kwetu umekuwa mkubwa kuliko Marekani.

Msafirishaji anayeagiza magurudumu, vipuri na malori yaliyotumika analijua hili. Gharama zake nyingi ni za dola hata kama analipwa kwa shilingi. Kwake, akiba ya dola si anasa. Ni kuweka akiba kwa sarafu ileile atakayonunulia lori lijalo. Mfanyabiashara wa Lubumbashi, ambako biashara nyingi hufanyika kwa dola, hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida.

Lakini karo ya watoto, chakula na ujenzi wa nyumba hulipwa kwa shilingi. Mwaka 2024 ulionyesha Kenya kwamba shilingi huweza pia kuimarika kwa haraka. Aliyekuwa na kila kitu kwa dola akatakiwa kulipa karo mwaka ule alipata shilingi chache kuliko alizotarajia.

Gharama na kodi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kuona. Shilingi milioni 1 ikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka kwa miaka 20 inakuwa takriban milioni 4.66. Mfuko uleule ukitoza asilimia 2 kwa mwaka, ukuaji unabaki asilimia 6, na fedha inakuwa takriban milioni 3.21. Asilimia 2 iliyoonekana ndogo imekula karibu milioni moja na nusu.

Nyumbani, gharama kubwa ni ya kuingia na kutoka. Tume ya dalali na ada za soko kwa mwekezaji mdogo huweza kufika karibu asilimia 2 kwa kununua, na tena kwa kuuza. Kwa anayekaa na hisa miaka 15 hilo si tatizo kubwa. Kwa anayenunua na kuuza kila mwezi, ni hasara ya uhakika.

Kwa ng'ambo, ada ya mfuko ni ndogo, lakini kufika huko kuna gharama. Kuna tofauti ya bei ya kununua na kuuza dola, na kuna ada ya benki kutuma fedha. Kama benki inatoza dola 40 kwa kila utumaji, anayetuma dola 100 kila mwezi anapoteza asilimia 40 kabla hajanunua chochote. Anayekusanya na kutuma dola 2,000 mara moja kwa mwaka anapoteza asilimia 2. Ukusanye kwanza, ndipo utume.

Kodi nayo ihesabiwe. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio linalolipwa kwa mtu asiye mkazi wa huko, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi nao. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba huo. Kubwa zaidi, na wengi hawalijui, ni kodi ya mirathi ya Marekani. Mgeni asiye mkazi akifariki akiwa na hisa au mifuko iliyosajiliwa Marekani yenye thamani ya zaidi ya dola 60,000, kiasi kinachozidi hapo huweza kutozwa hadi asilimia 40, na familia husumbuka kuzipata fedha. Kwa sababu hiyo wawekezaji wengi walio nje ya Marekani hutumia mifuko iliyosajiliwa Ireland. Mifuko hiyo hufuata S&P 500 au MSCI World vilevile, hukatwa asilimia 15 ya gawio la Marekani badala ya 30, na haiingii katika kodi hiyo ya mirathi. Kabla ya kununua, tazama mfuko umesajiliwa nchi gani, si fahirisi gani tu unayofuata.

Kwa upande wa nyumbani, gawio la kampuni zilizoorodheshwa Kenya na Tanzania hukatwa asilimia 5 kwa mkazi, na hukatwa kabla halijakufikia. Kwa mapato ya nje, mkazi huenda akatakiwa kuyatangaza mwenyewe kwa mamlaka ya kodi ya nchi yake. Muulize mhasibu wako anayekuandalia hesabu za biashara.

Ruhusa ya kutoa fedha nje

Kenya ilifuta sheria yake ya kudhibiti fedha za kigeni mwaka 1995, na Uganda ilifungua milango mwaka 1997. Katika nchi hizo mbili mtu anaweza kutuma fedha halali nje kuwekeza, mradi aonyeshe benki zilikotoka. Tanzania imelegeza masharti hatua kwa hatua, ikianza na uwekezaji katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa nchi za mbali zaidi kuna masharti ya Benki Kuu. Mtanzania aulize benki yake kwanza na apate jibu kwa maandishi. Kupitisha fedha kwa mlango wa nyuma ni kujitafutia taabu siku ya kuzirudisha.

Namna ya kugawa

Hakuna mgawo mmoja unaomfaa kila mtu, lakini utaratibu ufuatao unaweza kusaidia.

1. Lipa kwanza mkopo wa gharama. Kama lori lina mkopo wa riba ya asilimia 16, kila shilingi unayolipa inakupatia asilimia 16 bila hatari. Hakuna mfuko wa hisa unaoahidi hivyo.

2. Weka akiba ya dharura ya miezi sita kwa sarafu unayotumia, mahali unapoweza kuitoa kwa siku chache.

3. Andika mali yako yote, pamoja na lori, duka, kiwanja na madeni unayodai. Hesabu ni kiasi gani kinategemea nchi moja au njia moja.

4. Kama biashara yako yote iko hapa, sehemu kubwa ya akiba ya muda mrefu ifuate mfuko mpana wa ng'ambo. Kama wewe ni mwajiriwa unayelipwa kwa dola, au uko nje, sehemu ya nyumbani iongezeke.

5. Usiiache sehemu ya nyumbani iwe sifuri. Uzee wako utalipiwa kwa shilingi, gawio huingia bila kupita katika bei ya dola, na miaka kama 2024 haipigi hodi.

6. Mara moja kwa mwaka, tazama uwiano. Kama ulipanga 60 ng'ambo na 40 nyumbani na sasa ni 75 kwa 25, fedha mpya ya mwaka huo ipeleke nyumbani. Hivyo unanunua kilichoshuka bila kubahatisha.

Tahadhari

Hakikisha dalali au meneja wa mfuko ana leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi yako, yaani CMA kwa Kenya, Uganda na Rwanda, na CMSA kwa Tanzania. Orodha zao ziko wazi kwa umma. Kwa dalali wa ng'ambo, hakikisha anasimamiwa na mamlaka ya nchi inayojulikana na kwamba anapokea wakazi wa nchi yako. Anayeahidi faida ya kila mwezi isiyobadilika si mfuko wa fahirisi hata akijiita hivyo. Watu wengi Tanzania wanakumbuka DECI ilivyoishia mwaka 2009. Fahirisi hushuka na kupanda, na anayekuonyesha mstari unaopanda tu anakuuzia kitu kingine.

Aidha, mweleze mwenzi wako au mtoto mkubwa akaunti ziko wapi na uandike mrithi pale dalali anaporuhusu. Lori likibaki uani kila mtu hulijua ni la nani. Akaunti ya hisa ya Nairobi au ya ng'ambo isipoandikwa mahali, familia huenda isiijue kabisa.